Walenisi imetugawa, na mimi nina upande

Leo naweka pembeni vikao vya halmashauri na bei ya pamba, nataka tuzungumze kitabu. Chenyewe ni cha zamani kidogo, kilitoka mwaka 1995, mwandishi wake hayupo tena duniani, na hapa mkoani kwetu sijawahi kukiona kwenye duka hata moja. Lakini kwa muda wa mwaka mzima kimetugombanisha watu wazima wenye kazi na familia zao, wawili kati yetu mpaka wakanuniana. Kinaitwa Walenisi, kimeandikwa na Katama Mkangi wa Kenya.

Kwa ambaye hajakisoma, kwa kifupi ni hivi. Dzombo anahukumiwa kifo katika nchi yake. Badala ya kunyongwa anafungiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani ili akafie huko, mbali na macho ya watu. Hafi. Anafanikiwa kukiongoza chombo, anatua kwenye sayari iitwayo Walenisi, anakuta jamii ambayo mkubwa hamli mdogo, anampenda Mtu-Binti, na mwishowe anarudi alikotoka. Jina la sayari ukilikata vipande unapata "wale ni sisi". Mwandishi hakulificha fumbo lake, ameliweka juu ya jalada.

Mkangi mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa kando. Alikuwa msomi wa sosholojia, serikali ya Moi ilimweka kizuizini mwaka 1986, akagombea urais wa Kenya mwaka 1997, akafariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2004. Kwa hiyo ukiona mtu huyu anaandika habari za raia anayefungiwa ndani ya chuma na kupotezwa, usidhani alikuwa anacheza.

Nakala yangu niliinunua Nairobi, kwa wale jamaa wanaopanga vitabu vilivyotumika kando ya barabara. Tangu hapo imepita mikono ya watu saba, hapa Shinyanga mjini, Kahama na Geita, na imerudi ikiwa na doa la chai na jalada lililoungwa kwa selotepu. Katika watu saba sikupata wawili waliokubaliana. Nimezoea kuona watu wakigawanyika kwa Simba na Yanga, au kwa vyama. Kwa riwaya ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Wa kwanza kunirushia kitabu ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, kaka yangu kwa heshima, mtu anayejua fasihi kuliko mimi. Hoja yake ni ile tuliyokaririshwa wote: riwaya ni kioo cha jamii. Sasa, akaniuliza, ni jamii gani ya Waswahili inayorusha vyombo angani? Kwake hayo ni mambo ya Wazungu wenye shibe. Anaona mwandishi wa Kiafrika aliyewahi kuwekwa kizuizini angeandika kizuizi chenyewe, kuta zake na askari wake, si sayari.

Nikamuuliza, vipi kuhusu Kezilahabi? Hapo ndipo palipochangamka. Euphrase Kezilahabi ni mtu wa ziwa letu, alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na alipofariki Januari 2020 mwalimu huyu alikuwa mmoja wa walioomboleza kwa dhati. Rosa Mistika ya mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni, leo anaitetea kama mali yake. Lakini Kezilahabi huyo huyo ndiye aliyetuandikia Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu viwili vyembamba ambavyo ukivisoma mara ya kwanza unaweza kujiuliza kama umekosea kupanga kurasa. Wanafalsafa wa Ulaya wanatokea katikati ya nchi iliyokauka, na katika Mzingile kuna dunia iliyoungua kwa silaha za nyuklia na mtu anayetembea humo akitafuta mwanzo mpya. Kama hiyo si riwaya ya sayansi, basi ni jirani yake wa ukuta mmoja. Mwalimu akanijibu bila kupepesa macho, "Ile ni falsafa."

Haya. Kumbe ukiita falsafa inapita.

Wa pili alikuja na lawama ya upande wa pili kabisa. Huyu ni fundi wa mitambo kwenye mgodi mmoja mkubwa wa Geita, mdogo wangu kwa umri, kijana wa filamu za anga tangu enzi za kaseti za video. Nilidhani ndiye atakayekipenda. Alikisoma usiku mmoja akanipigia simu asubuhi akiwa na hasira. Chombo kinatumia mafuta gani? Hewa inatoka wapi? Kasi ni ngapi? Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye usukani anajifunzaje kuendesha dude la namna ile peke yake? "Bro, hata bodaboda ina tanki," akaniambia. Kwake Mkangi hakuandika riwaya ya sayansi, aliandika mahubiri halafu akayafunga roketi.

Ugomvi wa fundi wangu una miaka zaidi ya 100. Jules Verne wa Ufaransa, aliyewapeleka watu wake mwezini kwa mzinga katika riwaya ya mwaka 1865, alinung'unika sana pale H. G. Wells wa Uingereza alipowapeleka wa kwake mwaka 1901 kwa madini ya kubuni yanayokinga nguvu za uvutano. Verne alitaka hesabu. Wells hakujali hesabu, alitaka kuona watu watafanya nini wakishafika. Mkangi ni mtoto wa Wells. Mimi namwelewa fundi, maana kazini kwake bolti moja ikilegea mtu anaweza kufa, lakini Dzombo angeelezewa na mabomba yote ya chombo chake, tungepata kitabu kinene zaidi na si lazima kiwe bora zaidi.

Dada mmoja muuguzi wa Kahama ndiye aliyesema lile ambalo mimi nalikubali moja kwa moja. Alisema kitabu kina moto mpaka chombo kinapotua. Baada ya hapo kinaanza semina. Kila mtu wa Walenisi ana busara, kila mtu ana subira, kila mtu ana maelezo marefu ya kwa nini mambo yao yanakwenda vizuri, na Dzombo kazi yake ni kuuliza ili aelezwe. "Peponi kwenyewe nitasinzia kama ndivyo kulivyo," alisema, halafu akaniomba nisimwambie mchungaji wake. Ni kweli, wadau. Waandishi wengi wanapochora nchi isiyo na dhuluma, wanasahau kwamba hata huko kutakuwa na mtu mwenye gubu, na mtoto mtundu, na mpishi anayeunguza ugali. Mkangi alichora vizuri zaidi alichokijua kwa ngozi yake, hukumu na kufungiwa.

Lakini aliyenifanya niandike yote haya ni mtu wa nne. Ni mjomba wangu wa ukoo, mzee wa makamo, aliyechimba dhahabu miaka mingi upande wa Rwamagasa na Katoro kabla mgongo haujamkatalia. Ameishia darasa la saba na husoma kila kitu kinachopita mbele yake, mpaka karatasi za kufungia maandazi. Alikimaliza kwa siku mbili. Nilipokwenda kumwona akaniambia, "Ng'wanawane, huyu Dzombo ni mchimbaji."

Nikamwomba anifafanulie. Akasema: unashushwa duarani kwa kamba, chini hakuna jua. Hewa unayovuta inaletwa na mashine iliyoko juu, na mashine hiyo ni ya mtu usiyemjua. Aliyekushusha anaweza kuwa anataka urudi na anaweza asitake. Matimba yakivunjika, ndiyo basi. Unachoweza kufanya ni kujifunza haraka kila kitu kilichomo humo ndani. Hakuuliza hata mara moja kuhusu mafuta ya roketi. Kwake swali la fundi halikuwa na maana, kwa sababu maisha yake yote alitegemea mitambo ambayo hakuna aliyemweleza.

Nilipomsikiliza nikakumbuka kule Mererani, kwenye tanzanaiti, wachimbaji wanaitwa wanaapolo. Ukiwauliza, wengi watakwambia jina limetoka kwenye vyombo vya Wamarekani vilivyokwenda mwezini. Kwenda chini mita mia kadhaa wamekuita kwenda mwezini. Hakuna profesa aliyewafundisha. Sasa turudi kwa kaka yangu mwalimu na swali lake la jamii gani ya Waswahili inarusha vyombo angani. Jibu ninalo, ni jamii inayojiita wanaapolo.

Na si wachimbaji peke yao. Sisi wa ukanda huu tumeishi na sayari za watu wengine kwa muda mrefu. Mwadui, almasi ziligunduliwa na Williamson mwaka 1940, ukajengwa mji ndani ya uzio, wenye hospitali yake, shule zake na uwanja wake wa ndege, na nje ya uzio Wasukuma wakiendelea kuswaga ng'ombe. Wazee wa pale bado wanasimulia habari za ndani kama mtu anavyosimulia safari ya mbali. Geita, mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu ulifuata mwaka 2001, watu wanachimba zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi, wanaongozwa na mitambo na kompyuta, na juu yao kuna kijana anasaga mawe kwa karasha na kuokota dhahabu kwa zebaki mikono mitupu. Mitaa hiyo miwili inapakana. Nionyesheni mwandishi wa Marekani aliyebuni kitu cha ajabu kuliko hicho.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma, maana sikuanza kuandika ili kutetea kitabu kimoja chenye semina nyingi.

Mwalimu na wenzake wana neno moja wanalolipenda: uongo. Riwaya ya namna hii ni uongo, wanasema, na sisi hatuna muda wa uongo. Nami nauliza, sisi wa wapi? Ukanda huu ndiko uongo ulikofanya kazi kubwa kuliko mahali pengi. Tangu kabla sijazaliwa vikongwe wameuawa Usukumani kwa kuwa macho yao ni mekundu, macho yaliyobabuliwa na moshi wa jiko la kinyesi cha ng'ombe. Halafu kuanzia mwaka 2006 na 2007 likaja lile la watu wenye ualbino, kwamba kiungo chao kinavuta dhahabu na samaki. Waliuawa hapa, Mwanza, Kagera. Kituo cha Buhangija, hapa hapa Shinyanga, kikajaa watoto waliokimbizwa kwa usalama wao. Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, ikawahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wilayani Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga wakati ule na sasa iko Geita.

Hiyo hadithi ya kiungo kuvuta dhahabu ni bunilizi. Ina mtambo wake, ina kanuni yake ya jinsi kitu kinavyofanya kazi. Tofauti na Walenisi ni kwamba haikutoka na jalada linalosema "riwaya". Ilipita mdomo kwa mdomo ikiwa imevaa nguo za kweli, na watu waliosoma, wenye simu mfukoni, wakaipokea bila kuiuliza lile swali la fundi wangu: hiki kitu kinatumia mafuta gani? Kiungo cha mtu kinaiambiaje dhahabu iliyo ndani ya mwamba isogee? Swali hilo hilo alilomuuliza Mkangi kwa ukali, hakuna aliyemuuliza mganga.

Riwaya ya sayansi inakwambia mlangoni kabisa kwamba imebuniwa. Kisha inakuomba ukubali jambo moja, na baada ya hapo una haki ya kuikagua kila hatua. Kama mfungwa anarushwa angani, nini kinafuata? Kama kuna mahali pasipo tajiri na maskini, nani anafagia? Muuguzi alikagua akaona pepo haina chumvi. Fundi alikagua akakuta tanki halipo. Hata mwalimu kwa kukikataa alikagua. Watu saba waliokigombania kitabu hiki walikuwa wanafanya kazi ambayo sikuwahi kuwaona wakiifanya kwa uvumi.

Nilipomweleza mwalimu hivyo akanijibu vizuri, na niseme alichosema. Alisema waliomuua yule mtoto hawakukosa riwaya, walikosa utu na hofu ya sheria. Kilichosaidia ni polisi na mahakama, si vitabu. Sikatai. Sidai kwamba Walenisi ingezuia panga. Nasema mtu aliyezoea kutenganisha kilichobuniwa na kilichothibitishwa ni mgumu kidogo kuuziwa, na sisi tunauziwa kirahisi mno.

Mfano mwingine usio na damu. Mwaka 2017, lile sakata la makinikia. Tume ya kwanza ya Profesa Mruma, ya pili ya Profesa Osoro, kisha Julai ikaja ile hesabu ya dola bilioni 190 za kodi, faini na riba iliyopelekwa kwa Acacia. Mnakumbuka vijiwe vilivyokuwa? Kahama watu walikuwa wanagawana kwenye mabenchi ya kahawa, kila Mtanzania atapata ngapi, gari la aina gani. Wale wale ambao wangekuambia mtu hawezi kujifunza kuongoza chombo cha anga. Mwishowe makubaliano na Barrick yakawa dola milioni 300 na kampuni ya Twiga ambayo serikali ina asilimia 16. Sisemi madai ya nchi hayakuwa na msingi, tulikuwa tunapunjwa na mabadiliko yalihitajika. Nasema wachache sana tuliochukua kalamu na kugawanya 190 kwa miaka ya uzalishaji tuone kama inaingia akilini. Fundi wangu alifanya hesabu hiyo, kwa taarifa yenu, na akaitwa msaliti.

Na kuna kesho. Huu ni upande wa bunilizi ambao watu husahau. Buzwagi, pale Kahama, mgodi ulizinduliwa mwaka 2009 na uzalishaji ukakoma mwaka 2021. Miaka 12 tu. Mtoto aliyezaliwa siku ya uzinduzi alikuwa hajafika sekondari. Pakazungumzwa kuligeuza eneo kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi, wenye viwanda, na mimi nautakia heri. Lakini ni riwaya gani ya Kiswahili iliyokwisha kutuuliza Kahama bila mgodi ni mji wa namna gani, Geita ya mwaka 2060 itakula nini, lile shimo likijaa maji nani atalimiliki? Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi ya Pumzi mwaka 2009, kuhusu Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, watu wamejifungia ndani wakipimiwa matone. Niliwaonyesha jamaa zangu wa Shinyanga waliokulia kwenye foleni za madumu kabla bomba la Ziwa Victoria halijatufikia. Hakuna aliyesema ni mambo ya Wazungu.

Tena mkoa huu una ushahidi kwamba kubuni kesho si upuuzi. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza walifyeka misitu hapa kwa ekari nyingi mno wakiwatafuta mbung'o, huo nao ulikuwa mradi wa sayansi. Pamba na ng'ombe wakamalizia. Ilipofika miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, na badala ya kuleta miujiza kutoka nje wataalamu wakaurudia utaratibu wa Wasukuma wa ngitili, kutenga malisho yapumzike. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa kijani. Mwaka 1985 ungeandika riwaya yenye vilima vya Shinyanga vilivyofunikwa na miti, mwalimu wangu angekuandikia kwa wino mwekundu: si uhalisia.

Kwa hiyo upande wangu ni huu. Walenisi ina kasoro, semina ni ndefu, na Mtu-Binti angestahili kupewa hata hasira kidogo. Bado nitakiazimisha kwa yeyote atakayekiomba, na nitafurahi zaidi akikirudisha akiwa amekasirika. Wachapishaji wetu wanasema vitabu vya namna hii havina wasomaji kwa sababu havimo kwenye mitaala. Mimi nina wasomaji saba na foleni ya wengine watano, bila mtihani wowote mbele yao.

Mjomba anataka kuandika cha kwake. Hajui kutumia kompyuta, kwa hiyo ananisimulia kwa simu nami naandika. Ameshafika sura ya pili. Wachimbaji wanne wamefukiwa, wanachimba kwenda chini badala ya kwenda juu, na wamesikia ng'ombe. Nimemuuliza ng'ombe wametoka wapi huko chini. Amesema nisiwe kama yule fundi, nisubiri. Nakala ya Walenisi kwa sasa iko Katoro kwa muuza vipuri vya karasha, akimaliza inakwenda Ushirombo. Mnaoitaka jipangeni.